Miguu yangu inawaka moto, ya kaka yangu wala haimsumbui

Shangazi, asalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Arua, Uganda, mtaa wa Oli. Nina miaka 44, nauza mitumba sokoni, kwa hiyo kutwa nzima nimesimama. Sukari nimekaa nayo mwaka wa saba sasa. Sitakuficha: miaka mitatu ya mwanzo dawa ya hospitali sikuigusa. Nilikunywa mizizi na majani ya kila mtu aliyeniambia, na sukari ilikuwa inacheza 15, 17, siku moja mashine ikakataa hata kuandika namba. Kisha mama yetu akakatwa mguu kwa sababu ya sukari hiyohiyo. Nilimwosha kile kidonda kwa mikono yangu. Tangu siku ile nameza metformini asubuhi na jioni, posho (ugali) nimepunguza, soda nimeacha kabisa, na asubuhi kabla sijala kipimo ni 6 au 7.

Sasa ajabu ni hii. Mwaka jana, wakati sukari imetulia, ndipo miguu ilipoanza. Nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, sindano zinachoma vidoleni, na usiku hata shuka likinigusa naruka. Nalala miguu imo kwenye beseni la maji. Nilipokuwa mkaidi nilikuwa mzima, nilipotubu ndipo naadhibiwa?

Kaka yangu mkubwa ana sukari mwaka wa 11. Ni mtu wa boda boda, soda hakosi, dawa anameza akikumbuka. Miguu yake haina neno. Mwezi wa Ramadhani mguu wake ulikaa kwenye bomba la moshi la pikipiki mpaka ngozi ikababuka, hakushtuka hata kidogo, vijana wa steji wakamsifu kwa uanaume. Baba mmoja, mama mmoja, mbona mimi tu?

Mjomba anasema ni deni la bibi yetu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kaka naye anasema ni jeni, nimerithi miguu ya mama, hivyo niache kujitesa na dawa. Rafiki wa mwanangu aliye Kampala anasema kuna kipimo cha vinasaba cha shilingi laki nane kitakachosema kila kitu. Na binti yangu ana mchumba. Upande wa mume wamesikia habari za mguu wa mama na sasa wanaulizauliza kuhusu ukoo wetu.

Mambo mengine ya nyumbani ni mazuri. Mwanangu wa pili aliugua TB mwaka jana, amepona, alhamdulillah. Sisi wengine tulipewa vidonge vya kujikinga vya miezi sita na nilivimaliza vyote. Vile vidogo vya vitamini walivyotupa pamoja navyo sikuvifuata sana, nilikuwa nimechoshwa na vidonge.

Nisaidie, Shangazi.

Mwenye miguu ya moto, Arua

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia wewe. Mara ya tatu nilikuwa namhofia kaka yako.

Mtu ambaye ngozi yake inababuka kwenye bomba la pikipiki naye asishtuke si mwanamume kuliko wenzake. Mguu wake umekufa ganzi. Miaka yangu ya uuguzi wodini, waliokuja wakilia kwamba nyayo zinawaka mara nyingi walirudi nyumbani na miguu yote miwili. Walioniogopesha ni wale waliokuja wakicheka, na msumari umeingia kwenye kandambili tangu juzi bila wao kujua. Kwa hiyo unaposema miguu ya kaka "haina neno" umesema kweli kuliko ulivyokusudia: imenyamaza. Sina hakika mpaka apimwe, lakini ningekuwa mimi nisingengoja wiki ipite.

Ugonjwa ni mmoja, sura ndizo mbili. Sukari nyingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu zaidi, inayotoka mgongoni chini hadi ncha za vidole vya miguu, karibu mita nzima kwa mtu mzima. Ndiyo maana ganzi au moto huanza vidoleni, ukapanda kama mtu anavaa soksi. Mshipa ulioumia unaweza kupiga kelele bila sababu, kama wako, au ukazimika kimya. Wengine wana vyote viwili, mguu unaowaka usiku lakini hausikii mwiba mchana, kwa hiyo nawe usijione umesalimika na ganzi.

Kwa nini wewe kelele na yeye kimya? Hapa ndipo jeni zinapoingia, na kaka yako kidogo ana haki. Kuna jeni iitwayo SCN9A, inayotengeneza mlango wa chumvi kwenye mishipa inayobeba maumivu. Mwaka 2006 watafiti waliandika habari za familia kadhaa za kaskazini mwa Pakistan ambamo jeni hii ilikuwa imeharibika kabisa. Watoto wao hawakujua maumivu tangu kuzaliwa. Mmoja alikuwa akitembea juu ya makaa barabarani ili watu wamtupie pesa. Baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari wenye miguu inayowaka, yakapatikana mabadiliko madogo kwenye jeni hiyohiyo, ya kuufanya mlango ufunguke upesi mno. Sisemi ninyi wawili mnayo. Nasema watu waliozaliwa tumbo moja hushirikiana nusu ya urithi wao, si wote, na nusu iliyobaki inatosha mmoja alie na mwingine anyamaze.

Kama nyayo zenu zitaharibika au la, hilo halina jeni moja ya kulaumiwa. Zimetajwa nyingi, kila moja na mchango mdogo: zinazohusu namna mwili unavyogeuza sukari iliyozidi ndani ya mshipa, zinazohusu mishipa midogo ya damu inayoulisha, zinazohusu mafuta ya damu. Mwaka 2019 wachunguzi waliopima vinasaba vya wagonjwa wa majaribio mawili makubwa ya kisukari walikuta kipande kwenye kromosomu ya 2, uzi mmojawapo wa vinasaba, karibu na jeni SCN2A, ambacho wenye nacho walielekea kupata uharibifu huu kwa uchache zaidi. Yaani urithi unaweza kukinga pia, jambo ambalo mjomba hakulitaja.

Laki nane yako, basi, iweke kwenye mtaji. Hakuna kipimo cha vinasaba ambacho daktari atakisoma kisha akubadilishie tiba ya miguu. Na tafiti nyingi za jeni hizi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo hata namba watakazokuandikia zitakuwa za miguu ya watu wengine.

Uganda nayo ina yake. Mwaka huohuo wa 2019 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa vijiji vya Kyamulibwa, kazi iliyofanyika kupitia kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba upungufu fulani kwenye jeni ya hemoglobini, ambao umeenea huku kwetu kwa sababu humkinga mtu na malaria, unahusiana na matokeo ya HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kimoja cha chembe nyekundu za damu, nao hukishusha kipimo hicho pasipo sukari kushuka, na kubeba selimundu huvuruga baadhi ya mashine. Siku ukipimwa HbA1c nayo ikapishana sana na namba zako za kidole, usishangilie wala usilie, mwulize daktari habari ya damu yako. Hapo ndipo jeni za Mganda zinapokuwa na faida kliniki.

Sasa nije kwenye toba na adhabu, maana hilo ndilo linalokuuma kuliko nyayo.

Wewe ni muuza mitumba, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kibanda. Belo limefungwa, nguo zilizomo ni zilezile, huwezi kuongeza wala kupunguza. Hizo ndizo jeni ulizopewa na mama na baba. Lakini si kila nguo inatundikwa. Zipo za mbele, ambazo kila mpita njia anaziona, na zipo zilizokunjwa chini ya meza ambazo mwezi mzima hazitoki. Mwili nao hufanya hivyo. Hubandika alama ndogo za kikemikali juu ya vinasaba, au huvikaza au kuvilegeza vilivyojizungusha, na hivyo kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Maandishi ya jeni hayabadiliki hata herufi. Elimu ya alama hizi huitwa epijenetiki.

Sukari ya 15 na 17 kwa miaka mitatu ni mtu aliyeingia kibandani mwako usiku akapanga upya. Jeni za uvimbe na za kuchoma oksijeni vibaya akazitundika mbele, za kuulinda na kuukarabati mshipa akazisukuma chini. Ulipotubu mgeni yule aliondoka. Mpangilio wake haukuondoka naye.

Hili halikuanzia mezani kwa Shangazi. Kuanzia 1983 hadi 1993, Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa: nusu walibanwa sukari sana, nusu walitibiwa kwa kawaida ya siku zile. Waliobanwa walipata uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60 pungufu. Jaribio likaisha, wote wakafundishwa kubana, na miaka michache baadaye sukari za makundi mawili zikawa karibu sawa. Ungetegemea na miguu isawazike. Haikusawazika. Zaidi ya miaka 10 baadaye wale walioanza vizuri bado walikuwa na mishipa bora. Waingereza nao, waliofuatilia kisukari cha aina ya pili kama chako, walitangaza mwaka 2008 jambo la namna hiyo: tofauti ya sukari ilitoweka ndani ya mwaka mmoja tangu jaribio kuisha, lakini faida kwa mishipa midogo ya damu iliendelea miaka 10. Wataalamu huiita kumbukumbu ya sukari.

Alama zenyewe zimeonekana. Watafiti wa kituo cha City of Hope huko California, wakiongozwa na Rama Natarajan, walichukua damu za baadhi ya wale 1,441 na mwaka 2016 wakaeleza kwamba alama zilizokuwepo jaribio lilipoisha ziliweza kukutwa tena baada ya zaidi ya miaka 15, hasa kwenye jeni iitwayo TXNIP, ambayo huamshwa na sukari. Niwe mkweli kwako: wao walikuwa wakifuatilia macho na figo. Kwenye mishipa ya miguu ushahidi mwingi bado ni wa panya na wa chembe za maabara, lakini unaelekea kulekule.

Kwa hiyo moto wa mwaka jana yawezekana uliwashwa zamani, na toba yako haikuuwasha. Tena ungeendelea na mizizi, leo ungekuwa unaniandikia habari za kidonda. Alama hizi si mawe, nyingine hufutika sukari ikitulia muda mrefu, na kila mwaka wa 6 na 7 huzuia mpya zisibandikwe. Kaka akikuambia uache dawa kwa kuwa ni jeni, mwambie jeni ni belo, na anayetundika ni wewe.

Haya, sasa nikugombeze.

Umeyapitia mambo ya TB mwishoni kabisa, kama mtu anayesalimia huku anaondoka, kumbe humo ndimo mna kitu ambacho ningekianza mimi. Vidonge vya kujikinga vya miezi sita kwa kawaida ni isoniazidi. Ni dawa nzuri na ulifanya vyema kuimaliza. Lakini huufanya mwili upungukiwe vitamini B6, na B6 ikipungua mishipa ya fahamu huumia na miguu huwaka, vilevile unavyoeleza. Vile vidogo ulivyovidharau ndivyo vilivyokuwa ngao, na mwenye sukari alivihitaji kuliko yeyote nyumbani. Miguu imeanza mwaka jana. Isoniazidi umemeza mwaka jana. Hukuona?

Na ukitaka jeni yenye kazi ya kueleweka, ni hapa. Jeni iitwayo NAT2 huamua ini lako liiondoe isoniazidi upesi au polepole. Wenye ini la polepole, nao ni wengi Afrika, dawa huwakalia mwilini muda mrefu na mishipa yao huumia zaidi wakikosa B6. Pengine mwanao alimeza kilekile bila shida nawe ukaungua kwa tofauti hiyo tu. Mwambie mganga wa kliniki tarehe ulizoanza na kumaliza. Usikimbilie duka la dawa kununua B6 ya kujaza mkoba, kwa sababu ikizidi sana kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ileile.

Lingine ni metformini yako. Usiiache! Ila ikimezwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi na moto usioweza kutofautisha na wa sukari kwa kutazama. Omba upimwe B12, na kama kipimo hakipo karibu, mweleze daktari ni miaka mingapi unameza, aamue. Wakikuuliza pia kuhusu HIV, pombe kama waragi, figo na tezi ya shingo usikasirike, kila kimoja huweza kuumiza mishipa. Upungufu wa B6 na B12 una tiba, na miguu mingine hupata nafuu kabisa. Ukoo hauna tiba, ndiyo sababu sipendi watu waanze kuulaumu kabla hawajakagua haya.

Kwa usiku, zipo dawa za kutuliza kelele za mshipa. Mojawapo ni amitriptilini, iliyoanza kama dawa ya huzuni, kwa hiyo ukipewa usidhani wamekuona umerukwa na akili. Haiuponyi mshipa, inaunyamazisha ulale. Haimfai kila mtu, hasa mwenye moyo mgonjwa, basi usiazime ya jirani. Beseni la maji liache, ngozi iliyolowa usiku kucha hupasuka katikati ya vidole na wadudu wakaingia. Wala usiote sigiri kwa miguu msimu wa mvua. Na shinikizo la damu likapimwe, kwa sababu kwenye kisukari cha aina yako kubana sukari peke yake husaidia mishipa kidogo kuliko kwenye aina ya kwanza. Presha, uzito na mafuta ya damu vina sehemu yao.

Binti yako. Wakwe waambie ukweli bila kunong'ona: bibi yake alikuwa na sukari, mama ana sukari, mjomba wake, yaani kaka yako, ana sukari. Msichana amerithi uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata sukari, hajarithi mguu wa kukatwa. Mguu wa bibi yake uliondolewa na kidonda kilichochelewa, na sukari iliyochelewa kabla yake. Apime sukari kila mwaka tangu sasa, na akibeba mimba asiache kupimwa, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa sababu sukari ya mama mjamzito humgusa mtoto tumboni. Upande ule nao wana bibi zao, na kama mnaulizana, ulizeni pia. Nina shaka kama kuna ukoo mjini Arua leo usio na mtu wa sukari.

Deni la bibi yenu namwachia mjomba alilipe yeye aliyeligundua.

Turudi kwa kaka, jioni hiihii ukiweza. Mlaze kitandani, soksi nje, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, polepole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kutekenya: kidole gumba cha mguu, cha katikati na kidogo cha mwisho, kulia kisha kushoto. Vidole sita. Kila akisikia aseme upande gani. Akikosa viwili au zaidi, miguu yake iko hatarini na aende kliniki ya sukari, wakamguse kwa ule uzi wa nailoni wa kupima hisia na wamtazame lile kovu la bomba. Kagua unyayo wake, katikati ya vidole, na ndani ya makatambuga yake kama kuna kokoto au msumari. Akikukatalia kwa sababu ya vijana wa steji, mwambie na wewe utalala umfumbie macho akupime, maana nawe unahitaji.

Kisha niandikie ni vidole vingapi alivikosa, na ni miezi gani hasa ulimeza isoniazidi.

Shangazi